Jina Tulilolichinjia Mbuzi

Chang'ombe,
Dodoma.
8 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Khalidi,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Brno, na baridi imepunguza makali? Wifi Hana na mtoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua na mvua hizi, lakini anakula vizuri na kubishana vizuri zaidi.

Nakuandikia barua kwa sababu ukipiga simu Mama huisikiliza yote, nami sitaki asikie haya.

Unakikumbuka kijitabu cha Kicheki ulichokiacha kabatini? Tangu Oktoba nakisoma dukani wateja wakipungua. Nimebandika vikaratasi: mouka kwenye unga, sůl kwenye chumvi. Watu wananicheka. Nomino zao hubadilika mwisho mara saba, na wewe shuleni ulikuwa ukilalamikia ngeli. Nilitaka tu mwanao amsikie shangazi yake akimsemesha, maana tumechoka kupungiana mikono kwenye kioo cha simu.

Jumapili ile ulipokuwa bafuni, wifi alimwachia mtoto simu. Nikamuuliza swali la somo la kwanza, jina lako nani: Jak se jmenuješ? Akajibu bila kusita, Jmenuju se Tomáš. Nikarudia. Tomáš. Nikamwita Khamisi. Akageuka kutazama nyuma yake, aone ninamwita nani.

Khalidi, ulituambia mtoto amepewa jina la marehemu Baba. Tukachinja mbuzi wawili wa akika kule Kondoa, jina likatajwa mbele ya ukoo, Mama akalia kwa furaha. Miaka minne anamwombea Khamisi kila swala. Kama mkeo hakulitaka jina, ungesema. Tungenuna, kisha tungepoa. Umetudanganya mpaka kwenye dua. Nimeumia, wala sikufichi. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia dukani kwangu.

Mama alikuwa kando yangu. Akauliza, "Mjukuu wangu kasemaje?" Nikamjibu, "Anakusalimu, Mama." Umenifanya na mimi mwongo.

Sasa, akidhani ni salamu, kaniomba nimfundishe sentensi ileile niliyomuuliza mtoto, ili siku ya Idd amuulize mwenyewe. Sikuweza kumnyima. Kila asubuhi ananiamsha nayo, na hakosei tena.

Msalimie wifi Hana, sina ugomvi naye. Mtoto mbusu, kwa jina lolote ni wetu. Mungu akupe moyo wa kusema kweli.

Swali, Mama nimemfundisha mimi. Jibu mfundishe wewe, kabla ya Idd.

Dada yako, akupendaye hata hivyo,
Mwantum