Siku Kiboko Alipomkamata Mwalimu

Nje ya Wodi ya Majeruhi,
Hospitali Kuu.
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, na lile goti lako liwe limepunguza kelele tangu ulipoacha kupanda ngazi za kazini. Shangazi hajambo? Na wale mapacha wenu wanaojua lugha mbili na kugombana kwa zote? Sisi huku tu hai. Neno hilo nimelichagua. Nikisema wazima nitakuwa nimekudanganya.

Najua umeiona ile video. Mama aliona simu zako zikiita akashindwa kuzipokea. Watu wanaisambaza na kuandika chini yake kwamba mtu kamtupa ndugu yake kwa mnyama. Mimi nilikuwepo, karibu kabisa, na chupa ya chai mkononi. Nakuomba unisikilize mimi kabla hujawasikiliza wao.

Unawajua wapwa zako. Kaka mkubwa ni Mwalimu hadi kwenye damu, mtu wa kusahihisha hata salamu. Mdogo wetu ni Breki, jina alilobandikwa na madereva wenzake wa malori kwa sababu hana. Tangu baba afariki hawapikiki chungu kimoja. Mwalimu aliubeba msiba peke yake, na Breki alitokea kaburi likiwa limeshakauka. Kuanzia hapo wakikutana kwa Mama, mmoja huingia, mwingine anavaa viatu.

Safari ya mbugani ilikuwa wazo la Mama. Alisema anataka kuwaona watoto wake ndani ya gari moja. Basi tukakodi gari la paa la kufunguka pamoja na dereva wake, tukajipanga: Mama mbele, wale wawili kila mmoja dirisha lake, mimi katikati kama ukuta, na binti wa Breki, yule wa darasa la pili, mapajani kwangu.

Asubuhi hiyohiyo ya kwanza tulikuta simba wamemwangusha pundamilia. Bado alikuwa hai, Mjomba. Mmoja alikuwa amembana koo na wengine walishaanza kula nyuma, naye anarusha mateke hewani, kila mara polepole zaidi. Tulisikia ngozi ikichanika. Mtoto alificha uso kifuani kwangu. Simba wawili wakapigana juu ya paja moja, wakapigana makofi hadi mmoja sikio likatoka damu, halafu wakarudi kulala tumbo kwa tumbo wakila. Mama akasema, bila kugeuka, kwamba angalau wale wanakula pamoja.

Mchana tulisimama karibu na mto, mahali ambapo wageni wanaruhusiwa kushuka na kula. Kuna meza za saruji, na mbele yake magogo yamelazwa kuwa mpaka. Dereva alituonya tusiyavuke, maana ukingo ni mteremko na matete yaliyo chini yanaficha mengi. Tukaitikia wote.

Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani Mwalimu alimwambia Breki amnawishe mtoto mikono, Breki akajibu kwamba mtoto ana baba yake. Ulimi hauna mfupa. Mwalimu akasema baba ni yule anayejua hata kuzika baba. Nilimvuta shati, akanitoa mkono. Hapo Breki, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema, "Sikuweza kumwona akifukiwa, kaka. Sikuweza."

Mwalimu akacheka.

Ule mcheko, Mjomba, ndio ambao video haina. Yenyewe inaanzia kwenye ngumi. Breki alimpiga ya mdomo, jino likaruka. Mwalimu naye si mnyonge kama unavyodhani. Alimkamata shingo akamgongesha kichwa kwenye pembe ya meza, mara ya kwanza, mara ya pili. Chakula chote kilimwagika. Walipigana kama watu wasiojuana, wanatafutana macho, wanang'atana. Mama anawaita kwa majina yao ya utotoni, hakuna anayesikia. Mtoto akaniuliza, "Shangazi, baba anamuua Baba Mkubwa?"

Walifika kwenye magogo wakiwa wamekumbatiana kwa hasira. Breki akajinasua, akamsukuma kwa mikono yote miwili. Hilo ni kweli, na sitalipaka rangi. Alimsukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mwalimu akapinduka juu ya gogo, akabiringika mteremkoni, akaishia ndani ya matete.

Matete yakafunguka. Kiboko alitoka bila kishindo cha kutuonya, mkubwa kama kabati la ukuta mzima, mdomo wazi. Alimdaka Mwalimu paja la kulia akamtikisa. Nilisikia mfupa. Mjomba, mimi ni fundi cherehani, nimezoea sauti ya kitambaa kuchanwa. Ile haikuwa hiyo. Kaka hakupiga hata kelele, alifungua mdomo tu.

Hapo ndipo video inapoishia, maana mwenye simu alikimbia. Watu wote walikimbia kwenye magari yao. Breki naye alikimbilia gari letu, lakini si kujificha. Alichomoa spana ya magurudumu chini ya kiti cha dereva, akaruka yale magogo, akashuka mteremko kwa makalio. Akaanza kumpiga yule mnyama puani. Alimpiga kama mtu anayevunja mlango wa nyumba inayoungua, huku anamtukana matusi yote ya barabarani, mbele ya Mama. Kiboko akamwachia kaka, akampiga Breki kwa kichwa, akamrusha hadi kwenye tope. Breki akainuka. Akarudi tena, spana mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umening'inia. Akajiweka juu ya kaka, akamfunika kwa mwili wake.

Dereva ndiye aliyetuokoa. Aliliingiza gari palepale, akavunja gogo, akapiga honi na kuungurumisha injini hadi bampa ikawa kati yao na mnyama. Kiboko akaligonga, mlango ukabonyea kama kopo, halafu akageuka akazama majini. Tuliwapandisha nyuma. Nilifunga paja kwa mkanda wa Breki na mtandio wa Mama, nikakaza kwa goti langu njia nzima. Damu ilijaa viatuni mwangu. Breki alikishika kichwa cha kaka na kumwambia asilale, asilale, mpaka sauti ikamkauka.

Madaktari wameukata mguu juu ya goti. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini anapumua, na jana alisahihisha matamshi ya muuguzi, nikajua tunaye bado. Breki amevunjika mbavu mbili na mkono. Mama alipomwona koridoni alimzaba kofi ambalo watu wote waligeuka kulitazama, kisha akamkalisha chini akaanza kumfuta damu masikioni kwa pindo la gauni lake, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mdogo.

Jana jioni walikuja askari wa hifadhi na polisi kuchukua maelezo, kwa sababu ya hiyo video. Walitaka kujua kama kaka alisukumwa. Nilikuwa kando ya kitanda. Nilikuwa tayari kusema kaka aliteleza. Mwalimu akaniangalia, akajua, akatikisa kichwa. Akamwambia polisi, "Alinisukuma. Kisha akaja kunitoa. Andika yote mawili."

Polisi akauliza kama anataka kushtaki. Akasema anachotaka ni mdogo wake aingie humu ndani, maana shingo imemuuma kwa kutazama mlango.

Bado hajaingia. Ninapoandika haya amekaa ukutani mkabala nami, bandeji kichwani, anaangalia mlango wa wodi. Nimembembeleza, Mama amembembeleza. Anasema atamwambia nini mtu ambaye hana mguu. Wewe alikuwa anakusikiliza hata alipokuwa hamsikilizi baba. Mpigie, Mjomba. Usimuulize kilichotokea. Muulize kama amekula.

Mama anakusalimu wewe mdogo wake, na anasema usipande ndege kwa haraka, utunze kazi. Binti wa Breki anawasalimu mapacha. Dereva naye, ambaye sasa ni ndugu, kila siku anapita hapa na uji. Nisalimie Shangazi sana. Mwenyezi Mungu awafunike huko mliko, na ugomvi wowote ulio nyumbani mwenu uishie mezani.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukutegemea,

Bi Cherehani