Pumzi ya Kumuozea Rahma

Jumatatu, 6 Januari

Asubuhi kama ada. Nimejifukiza mvuke, nimesafisha tundu la shingoni ninalopumulia, nimebadilisha kitambaa. Shingo kulia mara tano, kushoto mara tano. Mabega juu, chini. Halafu zoezi lenyewe, stoo ya duka letu Mlandege, mlango nimeukomea. Midomo fumba, hewa sukuma nyuma kwa ulimi, usiimeze yote, irudishe. Pa. Ta. Ka. Kikaratasi cha hospitali kinasema sauti sasa itatoka kwenye njia ya chakula, maana kongomeo lenye sauti wameliondoa. Hakikusema kuwa sauti yenyewe ni mbweu.

Rahma anaolewa Ijumaa ya tarehe 24. Mimi ndiye baba, mimi ndiye walii. Nataka nimuoze kwa kinywa changu. Basi.

Jumatano, 8 Januari

"Pa" sita. "Ka" mbili. "Nimekuozesha" haisogei. N halafu M, na hizo ndizo ngumu kuliko zote.

Nje spika inapiga kelele kutwa. Ni sauti yangu, niliirekodi mwaka juzi: "Karibuni mama zangu, madira, vitenge, kanga mpya, bei ya kutupa!" Suleiman, mdogo wangu, hataki kuizima. Wateja washaizoea, anasema. Basi mimi nimo ndani nakoroma kama chura mtungini, na mimi niko nje nanadi madira. Nnaogopa. Wallahi nnaogopa.

Jumapili, 12 Januari

Leo nimesikiliza vizuri. Kabla ya "bei ya kutupa" mna kikohozi kidogo. Kila mzunguko kimo. Siku ile nilidhani vumbi la vitambaa. Kumbe maradhi yalikuwa yanabisha hodi.

Sasa nakisubiri. Hata nyumbani, mchana nikijilaza, nakisikia. Nimemwandikia mke wangu, Bi Zuwena: unasikia? Kanitazama. "Nini tena, Baba Rahma?"

Hajui kama nafanya mazoezi. Miaka thelathini kaijua sauti nyingine. Mbweu hii sitaki aisikie.

Alhamisi, 16 Januari

Suleiman kanijia na uso wa huruma. "Kaka, nipe mimi uwakala nimuoze. Sheria inaruhusu. Ya nini kujitesa?" Sheikh wa msikitini naye kasema vivyo hivyo. Nimeandika kwa herufi kubwa: NITASEMA. Kisha kalamu nimeitupa ukutani.

Sauti yangu keshaichukua dukani, sasa anataka na mwanangu amuoze yeye! Najua namuonea. Ndiye aliyekuwa akiniogesha hospitali, akilikinga tundu maji yasiingie. Lakini hasira haina macho.

Jumanne, 21 Januari

Hakuna kitu. Hata "pa". Jana nimejilazimisha saa nzima, koo limekaza. Kikaratasi kinasema zoezi fupi fupi, unywe maji, upumzike. Sikusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, haya, nshavunjika.

Spika imenadi mpaka magharibi. Ikanijia kwamba mimi ndiye niliyefia hospitali, na yule wa kwenye spika ndiye aliyerudi nyumbani. Nimejishika tundu kuona kama napumua.

Ijumaa, 24 Januari

Msikitini, baada ya laasiri. Mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wangu, yote miwili jasho. Nimesukuma hewa. Kimya. Suleiman kasogea. Nimemtolea jicho.

Nimesukuma tena. "Ni-me." Pumzi. "Ku-o-ze-sha." Pumzi. "Bi-nti ya-ngu." Jina lake limetoka na mbweu mkubwa, wala sikuona haya. Nimekwenda hivyo hivyo mpaka neno la mwisho la mahari. Hakuna aliyecheka. Kijana kajibu papo hapo huku machozi yanamtoka.

Nimemuoza mwanangu. Mimi.

Jumamosi, 25 Januari

Rahma keshakwenda Kendwa, mumewe anafanya kazi hoteli huko. Nyumba imepwaya. Nimelala hadi saa nne. Mvuke. Kitambaa. Shingo kulia, kushoto.

Bi Zuwena yuko chini anapepeta mchele. Jana alikuwa nyumbani na wanawake wenzake, ya msikitini kahadithiwa tu. Kaita, kwa mazoea, jibu wala halitarajii: "Baba Rahma!"

Nimesukuma hewa bila kufikiri. "Naam."

Ungo ukanyamaza. Kisha akauliza taratibu, kwa woga: "Nani huyo juu?"

Nimekaa kitandani, natafuta pumzi ya pili.