Mama Anasubiri Ahadi Iliyotoka Kinywani mwa Mume Wangu

Mpendwa Mama Mshauri,

Salamu kwako na kwa wote wanaokusaidia kufungua barua zetu. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga, au kabla mume wangu hajalifanya, maana yeye ameshaamua na anasubiri tu mimi niseme sawa.

Mume wangu ni mchekeshaji wa redio. Mtaani wanamwita Kasuku kwa sababu hakuna sauti asiyoweza kuiga, ya mhubiri, ya mtangazaji wa mpira, ya mtoto anayedeka, na hasa ya Mheshimiwa mmoja ambaye sasa anagombea kiti kikubwa. Kila asubuhi alikuwa na kipindi cha habari za ajabu za dunia, unazijua zile, huko nchi za mbali mbuzi kapigiwa kura akawa kiongozi wa mtaa, sijui mwanamume kamshitaki jogoo wa jirani kwa kumwamsha, naye zote alikuwa anazisoma kwa sauti ya Mheshimiwa, kwa mikwaruzo yake ileile na ile tabia yake ya kusema "ndugu zangu" kabla ya kila kitu, watu wanacheka mpaka wanachelewa kazini, na mimi pia nilikuwa nacheka, sikatai.

Sasa katikati ya kampeni Mheshimiwa akapoteza sauti. Ilikauka kabisa, koo limevimba, daktari kamkataza hata kunong'ona. Watu wake, badala ya kutangaza kwamba mgombea anaumwa, wakaja kumchukua mume wangu, wakamsainisha karatasi za kufunga mdomo, wakampeleka studio ya muziki na kumwekea hotuba mbele yake asome. Tangu siku hiyo, hotuba zote zinazosikika kwenye matangazo na kwenye magari ya spika ni Kasuku. Mikutanoni Mheshimiwa anasimama jukwaani na miwani ya jua, anapunga mkono, sauti inatoka kwenye maspika, na watu wanasema mzee siku hizi ana staili mpya. Mimi nilinyamaza. Nilisema siasa ni mchezo wao, wacha wachezeane.

Kilichoniponza ni siku ile produza alipopiga biti chini ya hotuba ili itoke kama wimbo, na karatasi ikaisha kabla biti halijaisha. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini mume wangu amekulia redioni, na redioni ukimya ni kosa kubwa kuliko tusi, mtangazaji akiona pengo analijaza kwa chochote kilicho karibu na ulimi, na kilichokuwa karibu na ulimi wake siku ile ni mama yangu mzazi, kwa sababu asubuhi hiyo tulikuwa tumetoka naye kliniki ya macho. Basi akasema kwa sauti ya Mheshimiwa, "Na wewe mama ambaye macho yanafifia, usihangaike, macho yako nitayatibu mimi, bila malipo." Produza akaruka kwenye kiti. Akaikata sentensi ile akaifanya kiitikio. Watu wa kampeni wakaipenda, hakuna aliyeuliza imetoka wapi, na Mheshimiwa mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Sasa ndio wimbo unaopigwa kila mahali, saluni, gereji, harusini, vijana wanaucheza wamefumba macho huku wanapapasa hewani, na mimi kila nikiusikia naondoka hapo.

Mama yangu ni fundi cherehani, ametulea mimi na wadogo zangu kwa mashine hiyo hiyo, na siku hizi hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Ana presha ya macho. Daktari alitueleza taratibu kwamba ugonjwa huu unaanza kula pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi, kinachowezekana ni kukiokoa kilichobaki, kwa hiyo upasuaji usicheleweshwe. Sisi watoto tukachanga, tarehe ikapangwa. Kisha mama akausikia wimbo. Alikwenda kliniki mwenyewe, kwa kushika ukuta mpaka dirishani kwa muuguzi, akasema nafasi yake apewe mwingine asiye na mtu, yeye anasubiri ya Mheshimiwa. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, hela zenu rudisheni kwa watoto wenu. Mimi nimeshapata mtu."

Nikamwambia mama, hao wanasiasa si wanaongea tu, kwani huwajui? Mama ana akili zake timamu, maisha yake yote hajawahi kumwamini mwanasiasa hata mmoja, lakini aliniambia hivi: "Wengine ndiyo. Huyu nimemsikiliza. Yale maneno hakuyasoma mahali. Yule mtu ana mgonjwa wa macho nyumbani kwake." Mama Mshauri, nilitoka nje nikajificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa nikalia.

Utauliza inakuwaje mama haitambui sauti ya mkwewe. Mume wangu analipwa kwa kuongea, lakini mbele ya mama mkwe hana maneno. Shikamoo mama, ndiyo mama, asante mama, basi, macho chini. Ni heshima, na pia ni woga, kwa sababu wakati wa posa mama alisema mchekeshaji hatamlisha binti yake, na mpaka leo kipindi chake cha redio hajawahi kukifungulia. Sidhani kama katika miaka yetu yote amewahi kumsikia akitoa sentensi nzima.

Nimemsihi aende akamweleze ukweli. Anasema zile karatasi zitampeleka mahakamani, redio itamfukuza, na tena mama hana kifua, akijua asubuhi mchana mtaa mzima unajua. Badala yake amekuja na wazo lake mwenyewe, kwamba ampigie mama simu kwa sauti ya Mheshimiwa, amshukuru kwa imani yake, kisha amwambie, "Mama yangu, wewe usisubiri uchaguzi, nenda sasa hivi kwa daktari wako." Anasema mama atatii palepale. Na ni kweli atatii, ndiyo maana nateseka, jicho litaokoka na siri itabaki siri, na nusu yangu inataka kusema piga. Nusu nyingine inakataa na siwezi kueleza kwa nini. Labda ni kwa sababu hata nyumbani, tukigombana, siku hizi anahamia kwenye ile sauti, na juzi aliniambia ananipenda kwa sauti ya Mheshimiwa, nikajikuta nimegeuka kuangalia nani amesimama mlangoni.

Je, nimruhusu apige hiyo simu?

Ni mimi,
Mke wa Kasuku

*

Mke wa Kasuku,

Pole sana, binti yangu. Pole hii inatoka moyoni. Ukishaipokea, kaa kitako, maana nina maneno yako na nina maneno ya mumeo. Nimebadilisha mengi katika barua yako, hata hilo jina la Kasuku, ili usitambulike, lakini yeye akiisoma atajijua, na ajijue.

Simu hiyo isipigwe.

Najua inavutia. Hata mimi niliposoma mara ya kwanza nilisema, si wampigie tu mama wa watu jicho lake liokoke? Nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, nikasoma tena, nikajiuliza siku ya pili yake itakuwaje. Mama yako atatoka hospitali na bandeji jichoni, atataka kumshukuru Mheshimiwa wake. Atasubiri apigiwe tena. Ataanza kumuuliza, je, hii dawa ya matone niendelee nayo, je, wanangu wakinikataza kushona niwasikilize? Mumeo atajibu nini? Umeniandikia mwenyewe kwamba hawezi kuvumilia ukimya. Mama akinyamaza kidogo tu kwenye simu, atamwahidi hata meno mapya.

Sasa wewe. Umeandika "mimi nilinyamaza" kama vile ulikuwa unapita njia. Ulijua nchi inasikiliza sauti ya mtu na kudhani ni ya mtu mwingine, ukasema wacha wachezeane. Mchezo umefika kwa mama yako ndipo ukashika kalamu. Lakini wimbo ule haukupigwa nyumbani kwenu peke yake. Wako wamama wengine waliousikia, na hao hawana binti anayejua nani alikuwa nyuma ya kinasa sauti. Wewe umeniandikia kuhusu mama mmoja, mimi nimeona foleni nzima. Wahenga walisema ahadi ni deni, ila hawakufikiria itafika siku aliyeahidi na atakayedaiwa ni watu wawili.

Mumeo simwoni kuwa mtu mbaya. Tena nitakwambia jambo ambalo huenda hukuliona kwa sababu ya machozi. Katika hotuba zote alizosomeshwa, sentensi moja tu ilikuwa yake, na mama yako, bila kuona vizuri, aliitoa katikati ya kelele zote akasema huyu ana mgonjwa nyumbani. Amepatia. Mgonjwa ni yeye. Alichokosea ni mwenye sauti, na hapo alidanganywa na watu waliolipana kwa kazi hiyo. Kwa hiyo usimwendee mama yako kama mwanamke mjinga aliyenaswa na wimbo. Mwendee kama mtu mwenye masikio kuliko sisi sote.

Sikiliza basi cha kufanya. Jicho halijui siasa, kwa hiyo linatangulia. Asubuhi nenda kliniki wewe mwenyewe, mtafute yule muuguzi wa dirishani, mweleze kwamba mama alipotoshwa na unaomba arudishiwe nafasi yake. Ikiwa imeshachukuliwa, omba inayofuata, na ukiona anasita lia, unajua kulia. Muulize daktari mama atumie nini wakati anasubiri. Usingoje mumeo apate ujasiri ndipo uanze, maana ujasiri wake unaweza kuchukua muda ambao jicho halina.

Kisha mumeo aende kwa mama mkwe wake, kwa miguu yake. Wewe umsindikize lakini usimsemee. Atoe shikamoo, na safari hii asiishie hapo. Aseme, "Maneno yale ya wimbo niliyasema mimi, niliyasema kwa sababu yako, sina uwezo wa kuyatimiza na sijui kama yupo mwenye uwezo huo, nakuomba uende kwa daktari wako." Mama atakasirika. Mwacheni akasirike. Hasira haijawahi kumpofusha mtu, kuchelewa ndiko kunakopofusha. Na kama mumeo akikwepa, leo mafua, kesho kazi, basi mwambie wewe mwenyewe kabla wiki haijaisha, bila kumtafutia visingizio.

Zile karatasi azipeleke kwa mwanasheria, wapo wanaosaidia bila malipo, ajue zinamfunga wapi na haziwezi kumfunga wapi. Mimi si mwanasheria, siwezi kukudanganya kwamba hatapoteza kitu. Anaweza kupoteza kazi. Watu wa kampeni nao awaambie kiitikio kile kitoke, au Mheshimiwa aandike kwa mkono wake atawatibu vipi hao wamama, kwa kuwa vidole havijavimba. Halafu aache. Mgombea akiumwa koo aseme anaumwa koo, ni ugonjwa wa kawaida na watu wangempa pole.

Unaogopa mama hana kifua, mtaa utajua. Ujue! Pengine katika mtaa huo huo yupo jirani aliyeachia nafasi yake kama mama yako, na hajamwambia mtu. Kutokuwa na kifua kwa mama yako kunaweza kumwokoa huyo.

Na nyumbani kwako, akikwambia tena anakupenda kwa sauti ya Mheshimiwa, mjibu kwa adabu kwamba huyo bwana humjui, akuitie mwenye nyumba. Usicheke. Mchekeshaji ukimchekea katika jambo hilo umempa ruhusa. Ajifunze kugombana na wewe kwa sauti yake hata kama itatetemeka.

La mwisho ni la mumeo, mpe gazeti asome mwenyewe. Bwana Kasuku, upasuaji ukienda vizuri, mkweo ataokoa kilichobaki, kilichokwenda hakitarudi. Anaingia katika miaka ambayo atawajua watu kwa sauti zao: nani ameingia, nani amekaa, nani anamwambia kweli. Sauti ya Mheshimiwa anaijua vizuri. Yako hajawahi kuisikia. Nenda ukaongee naye mpaka aizoee.