Swali la Dale Katikati ya Wimbo

Shoga, uko wapi? Hapa Duluth mambo yameharibika na onyesho bado halijaisha!

Si nilikwambia ni wazimu kuwapa Corinne na mumewe wa zamani, Dale, nafasi za wapenzi kwenye ule mchezo wa nyimbo wa miaka ya hamsini? Basi.

Corinne kamaliza wimbo wa kuagana. Zamu ya Dale. Mimi kwenye piano nampigia utangulizi. Haanzi kuimba. Narudia. Wapi! Halafu anamtazama Corinne machoni, anasema, "Kwa nini uliondoka, Cory?"

Cory! Kwenye mchezo anaitwa Rosalind!

Narudia utangulizi uleule kama santuri iliyokwama. Watu wanafuta machozi, wanadhani ndio mchezo wenyewe. Corinne wala hakubabaika: "Miaka kumi nilikuwa naongea na wewe, Dale, na wewe unatazama televisheni."

Naye kamwita Dale! Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Dale akaimba wimbo wote huku analia, nusu ya maneno kayameza.

Mapumziko yalipofika, Corinne kajifungia chumba cha mavazi. Dale yuko mlangoni, vipodozi vinamtiririka usoni: "Cory, nisamehe. Limenitoka tu." Kengele ya kurudi jukwaani imeshalia, sote roho juu.

Mlango umefunguka sasa hivi. Corinne kamnyoosha tai, kamwambia, "Usiniulize tena mbele ya watu. Njoo kesho nyumbani uniulize tukinywa kahawa. Na safari hii usikilize."

Naitwa kwenye piano. Shoga, sehemu ya pili ya mchezo ndimo wanamooana!