Maboya ya Kandambili

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Baba yako hajambo, ila mgongo. Dada yako hajambo, kichanga chake kimeota jino. Bibi yako anakuulizia kila akiamka. Baba yako mdogo naye mzima, na huyo ndiye amenifanya nishike kalamu.

Juzi wavuvi wa ndoana walikuta bwawani wavu wa matundu madogo, ule uliokatazwa, umejaa vifaranga vya samaki vimeoza. Nami nilikuwa hapo nikichota maji. Baba yako mdogo akapaza sauti kuliko wote: "Ni fundi cherehani huyu! Kabila lao ndivyo walivyo, hawaachi hata mayai!" Wakamvunjia fundi fimbo yake ya kuvulia.

Nikautazama ule wavu. Maboya yake yamekatwa kwenye kandambili zangu za kijani, zile zilizoungua na pasi, alizoniomba baba yako mdogo mwenyewe.

"Shemeji," nikamwambia, "fundi alivaa lini viatu vyangu?"

Akacheka. "Ya nyumbani yaache nyumbani, shemeji."

Wenzake wote wanazijua zile kandambili, chai wanakunywa kwangu. Wakatazama chini. Mwanangu, kinyaa nilichosikia hakinitoki. Kila anayetupa ndoana pale ilimpasa aseme nani katega, lakini kutaja kabila ndiko kulikowawia rahisi.

Wiki ijayo fundi ameitwa kwa ofisa wa uvuvi. Nitakwenda na kipande cha kandambili kilichobaki nyumbani. Baba yako amesema nikienda nisirudi.

Wewe anakusikiliza. Mwandikie, na mimi unijibu upesi, nijue kama nina pa kulala.

Mama yako