Jicho la Tatu, Upande Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za kaka yako. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mgongo wa mama umetulia. Sisi huku wazima kabisa. Wifi yako anakusalimu. Anasema mwavuli uliousahau kwetu ameshaurithi rasmi.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningepiga porojo weee, nikakata bila kusema nililotaka kusema.

Basi, pale chuo cha udereva tumenunua kamera ya gari, ile ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Mwenye chuo alituita walimu wote wanne, akasema amechoka na wanafunzi wanaogonga halafu wanakana. Akaniambia niende kuchagua mimi, maana ndiye niliyegongeshwa nguzo ya bango. Wenzangu wakacheka, mmoja akauliza Dada Nguzo anaendeleaje. Ndiyo, bado walikuwa wanakuita hivyo. Na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Dukani nilimkuta mama mmoja, mdomo kama cherehani. Akanipangia: hii inaona mbele tu, hii mbele na nyuma, hii ina jicho la tatu la kutazama ndani. Akanionya nisivutwe na uzuri wa picha peke yake, kwani gari la chuo linashinda juani, na zenye betri ndani huvimba. Akasema pia kadi ikijaa, kamera inafuta picha za zamani na kurekodi juu yake. Nikamuuliza kama inafuta kabisa. Akanijibu kabisa, baba, hutaona hata kivuli. Nikawaza, mbona kichwani mwangu picha ya siku ya nguzo, miezi saba sasa, haijafutika hata sekunde moja?

Halafu akauliza jicho la ndani nataka litazame wapi, uso wa mwanafunzi au usukani. Mdomo wangu ukasema miguu. Akauliza miguu ya nani. Nikalipia ile ya jicho la tatu, nikatoka.

Mdogo wangu, ilikuwa miguu yangu.

Siku ile pale kwenye kimlima ulikuwa umelishika gari vizuri, nusu klachi, halisogei hata unywele. Mimi nilikuwa nasoma ujumbe, simu iko pajani. Lori likapiga honi, nikashtuka. Nikataka kukanyaga breki ya mwalimu, nikakanyaga klachi ya mwalimu. Pedeli zangu na zako zimefungwa pamoja. Yangu ikishuka, na yako inashuka. Ndiyo maana ulihisi klachi inazama chini ya kiatu chako, ukadhani ni mguu wako. Gari likaachwa na injini, likarudi nyuma mpaka kwenye nguzo. Ukashuka, ukaniambia labda ni mimi, kaka. Nami mbele ya watu wote, kwa ile sauti yangu ya kialimu, nikasema nimekufundisha mara mia hukusikia. Wiki moja kabla ya mtihani ukaacha, na kazi ya kuendesha gari la zahanati aliyokuwekea matroni ikaenda kwa mwingine.

Nimeshasema yote kwa mwenye chuo na walimu, tukiwa tumesimama chini ya lile bango lililopinda. Nimepewa barua ya onyo, na ninaistahili. Dada Nguzo hayupo tena. Sasa mimi ndiye naitwa Klachi, na naitika. Zahanatini nako nimepita. Matroni anasema dereva wake anahama mwezi ujao, na anachongoja kwako ni leseni tu.

Nafasi yako ya mtihani ipo, tarehe ishirini. Ukitaka mwalimu mwingine, yupo tayari. Ukinitaka mimi, kamera nimeifunga kwa mikono yangu, jicho la tatu linatazama chini, upande wangu. Simu inabaki ofisini. Sikuharakishi kunisamehe. Nakuomba tu uje ukae kwenye kiti kile, ukipande kile kimlima, ujionee kwamba siku zote ulikuwa unajua kuendesha.

Msalimie shemeji. Mama umkande mgongo kwa niaba yangu, na umsomee barua hii yote, usiruke pale pa miguu yangu.

Ni mimi kaka yako,
Klachi