Mkono Juu, Taulo Juu

Jumanne, 4 Aprili

Kofia imepasuka! Ile nyekundu ya kuogelea, aliyoninunulia Mlinzi, mume wangu. Nilikuwa naivuta masikioni, ikalia pwa, nikabaki na kipande mkononi. Bahati nzuri yeye alikuwa ameshatangulia kwenye ukuta wa ufukweni na taulo na chupa ya chai, hakuona kitu. Nimeogelea kichwa wazi. Baadaye nikapita dukani kununua nyingine. Zilikuwepo nyeupe tu.

Sitamwambia. Aliizungukia mji mzima ile nyekundu. Amechora mabango ya maduka maisha yake yote, kwake nyekundu si nyekundu tu. Kuna ya nyanya, kuna ya tofali, kuna ya "mbwa mkali". Akijua imepasuka atavaa viatu sasa hivi aanze upya. Hii nyeupe nitakuwa naivaa nikishafika majini, mbali, ambako kichwa ni nukta tu, na kuivua kabla sijatoka. Basi, yameisha.

Mpangaji, ndivyo ninavyoyaita haya maumivu, kaamka kabla yangu leo. Miaka yote hii kakaa kwenye nyonga na mgongo wangu. Daktari wa kwanza alisema atahama, wa pili alisema tuzoeane. Tumezoeana. Simpendi. Majini hahami, ila anakaa kimya kama mtoto aliyepelekwa ugenini. Hiyo inanitosha. Saa zile za kwanza nikitoka baharini ndizo nakatia mapazia ya wateja, nimesimama wima kama binadamu wengine.

Jumapili, 23 Aprili

Binti yetu kapiga simu, kama kila Jumapili. Mambo yale yale. Mama una umri gani, mama una mgongo, mama mbona usitembee tu? Kutembea! Ningeweza kutembea ningeingia majini kufanya nini?

Halafu akamtaka baba yake. Nilisikia upande mmoja tu, ila najua upande wa pili. Sharti lake ni moja: mama aogelee, lakini baba awe ukutani anamwangalia, mwanzo mpaka mwisho. Siku baba hayupo, hakuna bahari. Nilimkubalia mwenyewe, mwaka ule nilipoteleza kwenye ngazi.

Mlinzi akamjibu kwa sauti ya askari: "Simwondolei macho mama yako!"

Nikacheka. Hajui hata kuelea, mzee wa watu. Maji yakimfika magotini anaanza kuaga. Lakini mvua, jua, baridi — yupo. Nikifika kwenye boya nainua mkono: nipo. Yeye anainua taulo: nimekuona, rudi. Hatujawahi kukosana hapo. Kwenye mengine tunakosana kila siku.

Jumamosi, 17 Juni

Baridi kweli. Ufukweni tulikuwa sisi wawili peke yetu. Miezi hii ndiyo Mpangaji anachachamaa, kwa hiyo miezi hii ndiyo siwezi kuruka hata siku moja.

Sijui niandikeje.

Katikati ya njia msuli wa paja ukakaza. Huyu si Mpangaji, ni mgeni! Nikalala chali, mkondo ukanisogeza pembeni, mbali na boya. Sikuogopa sana. Nikainua mkono. Hakuna taulo. Nikainua tena, nikaita, mawimbi yakanifunika sauti. Mlinzi kakaa ukutani ametulia tuli, uso kaulekeza kwenye boya. Halafu akasimama, akainua taulo na kulipunga kwa furaha zake zote. Analipungia boya!

Msuli ukaachia wenyewe. Nikarudi taratibu, kofia nikaivua majini kama nilivyozoea. Akanifunika, akanisugua mabega.

"Leo umeenda vizuri, Nguva wangu," akasema. "Nimekuona mpaka mwisho. Kofia yako nyekundu ilikuwa inawaka!"

Kofia nyeupe nilikuwa nimeikunja mkononi. Nyeupe, tangu Aprili. Boya ndilo jekundu.

Nikamwambia asante. Nikanywa chai. Anajua kupika chai, hilo siwezi kumnyima.

Jumapili, 18 Juni

Haoni. Yote ninayakumbuka leo kwa mpigo. Bango la kinyozi alilochora mwezi jana, herufi zinashuka kama zinateremka ngazi. Akasema ukuta wa kinyozi umepinda. Na mimi nikakubali, nikamsema fundi aliyejenga ukuta! Ule mfuko mweusi mlangoni, alivyoinama kuubembeleza akidhani ni paka wa jirani. Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kwa sababu ilichekesha. Yeye sijui alichekea nini.

Binti kapiga. "Simwondolei macho," nikasikia kutoka sebuleni. Nilikuwa naosha sahani. Nimeiosha sahani moja mpaka simu ikakatwa.

Nikisema, bahari imekwisha. Nisiposema, naogelea peke yangu na mtu analipungia boya. Na siku nikishindwa kweli atarudi nyumbani akiamini alikuwa ananiona.

Jumatano, 21 Juni

Nimeishia maji ya kifua. Nikaenda kushoto, nikarudi kulia, kama bata. Akauliza mbona haraka. Nikasema nimechoka.

Mpangaji kafurahi sana. Pazia la mteja limelala mezani, nimekata upande mmoja nikashindwa kuzunguka.

Ijumaa, 7 Julai

Nimechoka kunyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza, mdomo ulikuwa unaniwasha.

Wakati wa chakula nikavaa kofia. Nikakaa mbele yake, taa imewaka, tunakula. Akala. Akaniomba chumvi. Akasimulia habari za kinyozi. Nikasogea, nikasogea, mpaka karibu nimwangukie kwenye sahani.

"Umejifunga nini kichwani?"

"Kofia ya kuogelea."

"Ile yako?"

"Ndiyo. Rangi gani?"

Akaweka kijiko chini. Mtu aliyekuwa anawagombeza vijana wa kazi kwa sababu ya kijani! Akanyoosha mkono akaigusa, akapapasa mpaka sikioni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Aprili. Ile yako ilipasuka, nikaona aibu. Na wewe tangu lini?"

"Mwaka jana."

Mwaka jana! Nikamuuliza sasa taulo anainuaje? Anaimba, akasema. Wimbo wetu wa harusi. Anauimba moyoni mpaka mwisho, anaurudia, halafu anainua. Alishapima zamani, wakati bado anaona, kwamba ndiyo muda wangu wa kufika.

Nikakasirika. Nilimwambia maneno. Je, ningekufa? Wewe unaimba mimi nazama! Akaacha nimalize. Halafu akasema taratibu, huku anachezea kijiko:

"Ukishuka zile ngazi za ufukweni asubuhi, ndala yako moja inaburuta. Ukipanda kurudi zinapiga zote mbili sawa. Mimi nakaa pale kusikiliza hilo. Ningesema, wangekuzuia. Ningeamka kila siku kusikia ya kuburuta tu."

Nikalia na kofia kichwani. Akalia na yeye. Chakula kikapoa. Mwanamume huyu nampenda, na ningeweza kumpiga na mwiko.

Jumatatu, 10 Julai

Kliniki ya macho. Daktari ni kijana, mpole. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Linafanyiwa upasuaji, dakika chache tu, mtu anarudi kwake siku hiyo hiyo. Ila ukungu ni mzito, hawezi kuona nyuma yake kukoje. Huenda kuko salama, huenda hakuko. Hatuahidi kitu mpaka bandeji itoke, akasema.

Mlinzi akashukuru vizuri, akachukua kofia yake, akatoka. Njiani akaniambia jicho lake si kabati, halifunguliwi na mtu.

Jumatano, 12 Julai

Kakataa katakata. Nimembembeleza, nimenuna, nimepika anachopenda. Anakula, anakataa.

Leo nikamwambia: sawa, na mimi siingii majini mpaka uone. Akasema huwezi. Nikasema utaona. Akasema ndiyo tatizo lenyewe hilo. Tukacheka wote wawili, lakini sikurudi nyuma.

Jumamosi, 15 Julai

Vibaya. Kujigeuza kitandani ni safari. Nimeandika hii nimelala ubavu.

Jumatatu, 17 Julai

Mpangaji kajaa nyumba nzima, mpaka kwenye goti. Nimekwenda jikoni kwa kushika kuta. Mlinzi alikuwa sebuleni na redio. Nikasikia redio imezimwa.

Nikarudi na kikombe. Shwaa, shwaa, ndala yangu. Sikuwa najifanya, Mungu shahidi. Nilipofika karibu na kiti chake akasema bila kugeuza uso:

"Hiyo ndala inanipigia kelele. Piga simu kliniki."

Nikampiga busu kwenye upara. Akasema niangalie chai isimwagike. Wamempa nafasi mwanzoni mwa Agosti.

Jumapili, 23 Julai

Tumemwambia binti. Simu ilikuwa ya kelele kwanza, halafu ya kilio, halafu ya kelele tena. Mwaka mzima baba? Mwaka mzima unaniongopea kila Jumapili? Mlinzi akasema: sikukuongopea mama, nilisema simwondolei macho, na kweli sikuyaondoa. Hakucheka mtu.

Kisha akanitaka mimi. Bandeji ikitoka baba akaona, sawa, turudi kwenye sharti letu. Asipoona, bahari basi. Kabisa. Nimwahidi. Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa hataki nimwache mlangoni mwa shule. Anakuja mwenyewe kutupeleka.

Nikamwahidi. Ningefanyaje? Ana haki yake. Lakini nilipoweka simu nikaenda dirishani nikasimama muda mrefu. Huku kwetu bahari haionekani, inasikika tu.

Jumatano, 2 Agosti

Ameingia, ametoka. Nesi alimkatalia kuingia na taulo, wakabishana mlangoni. Nesi akauliza la nini sasa, Mlinzi akasema ni la kazi. Mwishowe wakalikunja wakaliweka kwenye kiti kule ndani ambako anaweza kuligusa akitoka.

Jicho limefungwa bandeji nyeupe. Amelala sasa, mdomo wazi. Nimemfunika. Binti kalala sebuleni, anakoroma kama baba yake, sitamwambia.

Mgongo sijui hata niseme nini.

Alhamisi, 3 Agosti

Kliniki. Naandika hapa hapa kwenye benchi, ukumbi umejaa. Mlinzi kaitwa ndani kutolewa bandeji. Kaenda na taulo begani, kashikwa mkono na nesi yule yule. Leo hawakubishana.

Benchi hili mtu aliyelitengeneza hakuwa na mgongo. Nimekaa ubavu, nimesimama, nimekaa tena. Binti kanisukumia mkoba wake nyuma ya kiuno bila kusema kitu. Mkono wake una baridi. Ana wasiwasi kunizidi, au sawa na mimi.

Nimevaa kofia. Ile nyeupe. Binti kasema mama jamani, watu wanaangalia! Waangalie. Mama mmoja mwenye mtoto kauliza kama ni dawa ya kichwa. Nikasema ndiyo.

Jana sikusali hata kidogo, leo nimesali mara tatu. Kwanza kwa ajili ya jicho lake. Ya pili kwa ajili ya bahari. Ya tatu nikaona aibu kuzitenganisha, nikaziunganisha.

Mlango umefunguka. Si yeye, ni mtu na fimbo yake.

Umefunguka tena. Ni yeye! Nesi kamwachia mkono. Bandeji haipo. Kasimama pale mlangoni, anapepesa, machozi yanamtoka, sijui ya dawa au ya nini. Binti anataka kuita, nimemshika. Usimwite. Usiseme kitu.

Anaangalia dirisha. Anaangalia kiti cha kwanza, cha pili. Watu ni wengi. Taulo bado liko begani.

Nimeinua mkono wa kushoto, huu wa kulia ndio unaandika. Nyonga inaniuma vibaya sana hivi nilivyokaa. Siushushi.